Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga: somo la uongozi lishuke wodini

Ndugu Msajili,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni afisa muuguzi, bado niko wodini, na mwaka mzima napokea wanafunzi wa shahada pamoja na watarajali, yaani wahitimu walio katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo kabla ya leseni. Ombi langu nalitanguliza ili usilitafute chini: mhitimu wa shahada ya uuguzi asipewe leseni mpaka awe amesainiwa kwamba aliwahi kuiendesha wodi, chini ya uangalizi, kwa wiki kadhaa.

Shahada ni miaka minne, utarajali mwaka mmoja. Somo la uongozi na menejimenti limo, na wanaokuja kwangu wamelisoma vizuri. Wanakutajia mitindo ya uongozi bila kupumua, wanakuchorea hatua tatu za mabadiliko za mwanasaikolojia Kurt Lewin. Asaimenti zao zimechapwa na kufungwa kwa jalada la plastiki. Halafu namwambia mmoja, haya, nipangie rosta, ratiba ya zamu, ya wiki ijayo ya wodi hii hapa. Kalamu inasimama.

Na rosta yenyewe ni hesabu ya darasa la nne. Chukua wodi yenye wauguzi 10 kwenye karatasi. Mmoja yuko likizo ya uzazi, siku 84. Mwingine likizo ya mwaka, siku 28. Wa tatu yuko masomoni. Wamebaki 7. Asubuhi unataka watu 3, jioni 2, usiku 2. Kwa siku nafasi 7, kwa wiki 49. Ukimpangia kila mtu siku 5 unapata nafasi 35, pengo 14. Ukiwabana siku 6 zinafika 42, bado 7 ziko wazi, na hapo hujatoa ofu ya kutoka usiku. Kuna mjamzito anayekaribia kujifungua, ambaye sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumpangia usiku katika miezi miwili ya mwisho. Kuna anayenyonyesha, ambaye sheria hiyohiyo inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ukishamaliza kubandika ukutani, saa kumi na moja alfajiri simu inaita: sista, mtoto anaharisha, leo siji.

Wanafunzi huniuliza, si waongeze watumishi? Waongeze, hata mimi naomba hivyo kila mwaka. Ila Jumatatu haisubiri kibali cha ajira. Mtu lazima aamue asubuhi iende na watu wangapi, nani aombwe abaki mpaka jioni na atalipwaje muda wake, na kazi gani ya leo isogezwe kesho bila mgonjwa kuumia. Uamuzi huo unafundishika, lakini unafundishwa mezani kwa inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, rosta ikiwa mbele yenu na simu ikilia.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na sijaliona kwenye slaidi ya mtu yeyote. Mhitimu wetu ana miaka 25 au 26. Ajira inampeleka Same, Longido au Ngorongoro, na kwa kuwa pengine ndiye pekee mwenye shahada pale, hazipiti siku nyingi anakabidhiwa wodi. Chini yake kuna mama mwenye cheti aliyezalisha nusu ya tarafa. Asubuhi kijana anamwamkia shikamoo, kama alivyolelewa. Dakika kumi baadaye anatakiwa kumwambia mama huyohuyo kwamba jana usiku kitabu cha dawa za kulevya hakikusainiwa na ampuli za pethidini, dawa kali ya maumivu, hazilingani na hesabu.

Ataanzaje? Nimeona mabinti wenye ufaulu wa juu wakinyamaza kwa aibu mpaka mwezi unakwisha, na vijana wengine wakifoka mbele ya wagonjwa kwa vile wana digrii. Wodi inaharibika kwa namna zote mbili. Inchaji mzoefu anamwita mama pembeni, anafungua kitabu kwanza kabla ya kutaja jina la mtu, wanahesabu ampuli pamoja, wanaandika kilichoonekana, wanasaini wote wawili, na taarifa inapanda kwa muuguzi mfawidhi, mkuu wa wauguzi wa hospitali, siku hiyohiyo. Heshima inabaki na kitabu kinanyooka. Mwanafunzi akisimama pembeni akaona hilo mara moja tu, amejifunza usimamizi wa watumishi kuliko semina nzima.

Sina ugomvi na Henri Fayol. Alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe Ufaransa, na kanuni zake 14 za menejimenti alizozitoa mwaka 1916 zina akili. Mojawapo inasema mtumishi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Mlete wodini saa tatu asubuhi, raundi imeanza. Daktari bingwa anaagiza vipimo. Muuguzi mfawidhi anapiga simu, anataka muuguzi mmoja akasaidie kliniki ya wajawazito. Katibu wa afya anadai taarifa ya mahudhurio. Ndugu wa mgonjwa amesimama mlangoni na fomu ya bima iliyokataliwa. Inchaji anamjibu nani kwanza, na anamkatalia nani bila kuvunja uhusiano? Mwalimu angeifundisha kanuni ya Fayol kwa swali hilo, isingesahaulika.

Najua mtarajali anazungushwa idara mbalimbali. Ninachokiona ni kwamba hata pale ratiba inapoonyesha muda wa uongozi, muda huo unaliwa na upungufu: mtarajali ni mikono miwili, na mikono miwili inapelekwa kuweka kanula za dripu na kusafisha vidonda. Siwalaumu mainchaji. Ukiwa na watu 7 kwenye wodi ya watu 10, hata mgeni utamkabidhi trei.

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo, tunamkumbuka Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, na taa yake. Hatutaji sana kwamba alipofika Scutari, hospitali ya jeshi la Uingereza huko Uturuki, mwaka 1854 sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa stoo, jiko, kufua mashuka, na baadaye takwimu za vifo alizozichora ili wakubwa waelewe. Yule alikuwa meneja. (Mshumaa ni rahisi kubeba kuliko leja, nakubali.)

Sasa utekelezaji. Kwenye logibuku ya mtarajali, daftari la kazi alizofanya, pawe na kurasa za uongozi zisizosainiwa kwa hisani: rosta mbili alizopanga na zikatumika, makabidhiano ya zamu aliyoyaongoza, oda ya vifaa tiba aliyoiandaa kutokana na matumizi halisi, na lalamiko moja la mgonjwa alilolishughulikia hadi mwisho. Asaini inchaji aliyemwona akifanya. Na inchaji huyo apate pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, kwa sababu anafundisha. Anayekwenda semina hotelini anahesabiwa amejiendeleza, anayelea watarajali wodini naye ahesabiwe.

Watakaosema atajifunza akiwa kazini wana haki, maana wengi wetu tulijifunza hivyo. Lakini gharama ya kujifunza kwetu walilipa wagonjwa waliosubiri dawa ya saa sita mpaka saa nane, na wenzetu waliopigwa zamu za usiku mfululizo mpaka wakaomba uhamisho.

Na kwenye mtihani wa leseni liwekwe swali moja la rosta tupu: majina 10, hali ya kila mmoja, wiki moja. Jibu sahihi halitakuwa moja. Msahihishaji aangalie tu kama mtahiniwa ameona kwamba namba 6 kwenye orodha ni mjamzito wa miezi minane, na kama pengo lililobaki ameliandikia taarifa kwa mkubwa wake au amelificha kwa kalamu.

Wako katika kazi,
Afisa Muuguzi, Moshi