Barua kwa mwanangu: kabla hamjaifungua tena hiyo pampu

Mwanangu Rehema,

Wiki hii tunapishana kama daladala za Mbagala. Wewe unarudi kutoka shifti ya usiku mimi nikiwa Feri nagombania samaki wa mama yako, na mimi nikirudi wewe umeshalala, tena juzi ulilala na buti miguuni. Ndiyo maana nimekuwekea barua hii chini ya hotipoti. Kula kwanza.

Mama yako kaniambia sili, ile inayozuia pampu isivuje pale shafti inapopita, kwenye pampu ya kostiki (magadi makali ya kiwandani) imekufa tena, ya tatu sasa, na supavaiza anakuhimiza uandike oda ya pampu mpya. Usiandike bado. Hebu nikusimulie kisa cha boila, ule mtambo wa kugeuza maji kuwa mvuke, kisa ambacho sikuwahi kukusimulia kwa sababu kinanitia aibu.

Nilikuwa na miaka kama yako, fundi kwenye kiwanda kimoja cha sabuni pale Barabara ya Nyerere, enzi hizo watu wakiiita bado Pugu Road. Pampu ya kulisha maji kwenye boila ikaanza kupiga kelele. Ukiweka bisibisi kwenye kasha lake na mpini sikioni, ulisikia kama mtu anasukasuka kokoto ndani ya debe. Tukaifungua. Impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, ilikuwa imechimbika vishimo vishimo kama sufuria ya zamani. Tukafunga impela mpya. Baada ya wiki chache, kokoto zilezile. Tukabadilisha impela tena na beringi juu yake, mimi nikisifiwa kwa kufanya kazi ile usiku mmoja tu. Mwanangu, nilikuwa hodari sana wa kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Wewe umesoma Mlimani, jambo hili unalijua kwa hesabu. Mimi nililijua kwa impela mbili. Maji hayangoji nyuzi 100 ili yachemke. Presha ikishuka, yanachemka mapema. Ya nyuzi 80 yanachemka presha ikifika karibu nusu ya ile ya hewa. Pampu inapovuta, presha inashuka pale kwenye jicho la impela, katikati maji yanapoingilia, na kama maji ni ya moto mno yanatoa mapovu ya mvuke. Mapovu yakifika mbele penye presha kubwa yanapasuka kwa kishindo, na kila kishindo kinamega chuma. Zile kokoto ndiyo hayo mapovu.

Sasa maji yetu yalipata wapi moto wa kupita kiasi? Daftari la shifti lilisema tangi la maji ya boila liko nyuzi 80. Nikarudi nyuma kurasa nyingi: 80, 80, 80, mchana na usiku, mvua na jua. Hakuna mtambo duniani unaosoma namba moja miezi miwili. Geji ilikuwa imekufa, na sisi tulikuwa tukinakili maiti. Tulipotia kipimajoto cha mkono ndani ya tangi, kikasoma 97.

Lakini sikulitazama daftari kwa akili zangu. Aliyenifanya nilitazame ni mama ntilie wa getini. Siku moja ananipakulia wali maharage, akasema, "Kile kibomba chenu juu ya paa siku hizi kinavuta sigara sana, zamani hakikuwa hivyo." Kibomba chenyewe ni pumulio la lile tangi, mvuke unapotokea. Nilipita chini yake kila siku, sikuwahi kuinua kichwa. Nikamuuliza tangu lini. Akafikiri, akajibu, "Tangu Idi."

Tangu Idi! Hapo tena kazi ikawa ya saa chache. Stimutrapu, vile vifaa vinavyoruhusu maji yapite na kuzuia mvuke, mbili kati ya zile za kwenye masufuria ya kupikia sabuni zilikuwa zimeganda wazi. Mvuke mbichi ulikuwa ukikimbia wote kurudi kwenye tangi, unayapasha maji na kupoteza mafuta ya boila bure. Tulibadilisha trapu mbili na geji moja. Pampu ikanyamaza. Ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Kwa hiyo nami nakuuliza alichoniuliza marehemu mzee wetu wa boila, ambaye shule aliiona kwa mbali: imeanza lini, na siku hiyo nini kilibadilika? Sili ni mahali ugonjwa unapoonekana, kama homa. Inaweza kuuawa na shafti isiyonyooka na mota, au na bomba lililofungwa kwa nguvu likawa linaivuta pampu upande, au na chujio lililoziba.

Nimesikia pia mnapanga kupitisha bomba la muda ili kazi isisimame. Hapo simamisha mguu, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote. Kwenye kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, walikuwa na mitungi mikubwa sita mfululizo. Wa tano ukapata ufa, wakautoa na kuunga wa nne na wa sita kwa bomba la muda. Mchoro wake ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Ile mingine hawakuichunguza kama nayo ina ufa. Tarehe 1 Juni bomba likaachia, kukatokea mlipuko, watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi, ingekuwa siku ya kazi wangekufa wengi zaidi.

Turudi kwenye sili yako. Jana nilimuuliza mama yako, zile mara tatu ulizochelewa kurudi kwa ajili ya hiyo pampu zilikuwa siku gani. Hakufikiri hata kidogo: Jumatatu, zote tatu. Anajua kwa sababu kikoba chao kinakaa Jumatatu jioni, wewe ndiye unayemshikia banda, na mara zote tatu amelipa faini.

Kiwanda chenu si kinazimwa Jumamosi? Kostiki inayobaki kwenye nyuso za sili inakauka Jumapili nzima, inageuka chembe ngumu kama chumvi. Jumatatu mnawasha, chembe zinasaga nyuso, sili inavuja kabla ya chai ya saa nne. Sijaiona pampu yenu, huenda nakosea. Ila Jumatatu hii, kabla hamjawasha, umeme ukiwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwako, si wa mtu mwingine, vaa miwani na glavu, zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, suuzeni sili taratibu kwa maji ya vuguvugu mpaka iwe laini. Kisha muulize fundi wenu kama kuna bomba dogo la maji ya kusuuzia sili, na nani alilifunga.

Kama lipo na limefungwa, niulizie lilifungwa lini. Na usisahau elfu sita za faini za mama yako, anasema atazidai kwenye mshahara wako.

Baba yako
Mbagala