Waache wakimbie, we soma taratibu

Mambo vipi rafiki yangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikasema huyu siwezi kumjibu kwa emoji, ngoja nimwandikie barua kabisa kama watu wa zamani. Unasema wenzako kazini wanamaliza kozi juu ya kozi, kila ukifungua simu kuna mtu kaposti cheti, na we bado umeng'ang'ana na sura ya nne ya takwimu mpaka unajiona una kichwa kizito. Aisee. Hebu kwanza tuiongelee hiyo sura ya nne, maana umeigusia juujuu kama vile ni aibu wakati mi naona ndo habari yenyewe.

Umekwama kwenye varianzi, kile kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika, pale pa kugawanya kwa idadi kutoa moja. Wenzako wameichukua fomula ilivyo, wakaiingiza kwenye kompyuta, jibu likatoka, wakasonga. We ukagoma. Ukachukua namba zako tano, 2, 4, 6, 8 na 10, wastani ukawa 6, ukapima kila moja iko mbali kiasi gani na hiyo 6, ukapata hasi 4, hasi 2, sifuri, 2 na 4, ukajumlisha ikaja sifuri, ukabadilisha namba ukarudia, sifuri tena. Ndo ukashtuka kwamba ukishazijua nne, ile ya tano haina ujanja, lazima iwe ile ile itakayorudisha jumla kwenye sifuri. Kwa hiyo zilizo huru kweli ni nne. Vipeo vya pili vya hizo tofauti, yaani kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, vikijumlishwa ni 40, ukigawanya kwa 5 unapata 8, ukigawanya kwa 4 unapata 10, na ile ya 5 ina tabia ya kutoa jibu dogo kuliko hali halisi kwa sababu namba za sampuli, yaani zile chache ulizochukua, zinakaa karibu na wastani wao wenyewe kuliko zinavyokaa karibu na wastani wa kundi zima zilikotoka. Hayo yote umenieleza we mwenyewe bila kufungua daftari, halafu unaniambia hujasoma kitu! Muulize mmoja wa hao wenye vyeti kwa nini ni kutoa moja na sio kutoa mbili, uone atakavyobadilisha mada.

Na usinitajie ile methali ya haraka, tumeshaichosha. Nakuletea kitu kilichopimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma mara nne mfululizo. Jingine likasoma mara moja tu, kisha likaambiwa liandike linachokumbuka bila kuangalia, mara tatu. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne waliongoza, kama asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliosoma mara nne wakawa na 40 hivi na wale wa kujikamua wakabaki na 61. Lakini kinachonifurahisha mimi sio hizo namba, ni kwamba walipoulizwa kabla ya mtihani, wale wa kusoma mara nne ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Yaani ile raha ya kusoma kitu kikateremka chenyewe bila kukwama ndo inayotudanganya, na kile kigugumizi cha kichwa unachokiona we ni dalili mbaya ndo kazi yenyewe inafanyika. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa California, alishalisema hili tangu 1994, kwamba kuna ugumu ambao ni wa faida kwa anayejifunza, sio ugumu wote lakini, ukichukua kitabu kilichokuzidi mno huo sio ugumu wa faida, hayo ni mateso tu.

Af kuna huyu mama anaitwa Jennifer Roberts, anafundisha historia ya sanaa Harvard. Kabla mwanafunzi hajaandika insha ya utafiti anamwambia nenda makumbusho, chagua mchoro mmoja, kaa nao masaa matatu. Matatu! Ameeleza jinsi yeye mwenyewe alivyofanya na mchoro wa John Singleton Copley wa 1765, kijana kakaa mezani na kindi mdogo amefungwa mnyororo. Ilimchukua dakika 9 kugundua kuwa umbo la sikio la yule kijana linafanana kabisa na mkunjo wa manyoya tumboni kwa kindi. Dakika 21 kuona kuwa upana wa vidole vilivyoshika mnyororo ni sawasawa na upana wa glasi ya maji iliyo chini yake. Dakika 45 ndo akaona ile mikunjo ya pazia la nyuma, ambayo ungedhani imewekwa kujaza nafasi tu, nayo imebeba umbo la sikio na jicho. Sasa fikiria, kitu kiko mbele ya macho yako, hakijafichwa na mtu, macho yako mazima, na bado kinahitaji dakika 45. Sisi picha tunaipa sekunde moja tunapitisha kidole.

Kuhusu kuangalia video za masomo kwa spidi mara mbili, hapo sikubaliani na wanaopiga kelele kwamba ni vibaya, kiukweli watu wengi bado wanaelewa, na kuna mwalimu anaongea kama anasinzia, mkimbize tu. Tatizo sio spidi ya sauti, tatizo ni kutosimama. Simamisha, geuza simu kifudifudi, jiulize kasema nini huyu, jibu mwenyewe kwa mdomo, ukishindwa rudi. Halafu lala. Sisemi kwa utani, usingizi ndo unaosaidia ubongo kuweka sawa ulichokipata mchana, ndo maana kupiga msuli usiku kucha kunakubeba mpaka kwenye pepa la asubuhi halafu kila kitu kinapotea. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, akachapisha 1885, akaona nyingi zinamtoroka ndani ya saa ya kwanza tu, ila akigawa marudio kwenye siku kadhaa anahitaji marudio machache kuliko akiyabana kwa mkupuo. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado tunabana kwa mkupuo.

Ila na mimi sikupi leseni ya uvivu. Taratibu sio kuahirisha. Ukikaa wiki hujafungua kitabu hiyo sio kutafakari, usijidanganye kwa maneno matamu. Na kuna wakati kazi inadai jibu kesho, hapo tumia fomula ilivyo, peleka ripoti, ila weka alama pembeni kwamba hapa sijaelewa nitarudi. Na urudi kweli.

Hiyo sura ya tano najua ni ya uwezekano, pale watu wanapochanganyaga uwezekano wa kuumwa ukiwa na majibu chanya ya kipimo na uwezekano wa majibu chanya ukiwa unaumwa, ni vitu viwili tofauti kabisa na hata madaktari huwa vinawachanganya. Usiende mbele mpaka utengeneze mfano wako mwenyewe wa watu 1,000, uhesabu wangapi wanaumwa na wangapi wana majibu chanya. Ukishautengeneza nipigie Jumapili jioni, nami nitakuwa na daftari, maana kiukweli mi mwenyewe hiyo naijua kwa kumeza.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.