Kabla ya Kupaka Rangi: Kuta Zenye Chumvi katika Nyumba za Mtwara na Mikindani

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na malipo ya wakulima yanapoanza kuingia benki, maombi ya ukarabati wa nyumba huongezeka ofisini kwetu kuliko katika miezi mingine yote ya mwaka. Wengi wanaotujia wakati huo ni familia changa: baba na mama wenye mtoto mmoja au wawili, waliopanga Magomeni au Chikongola kwa miaka kadhaa, ambao sasa wamepata nyumba ya zamani Shangani, Ligula au Mikindani na wanataka kuitengeneza na kuhamia kabla kodi ya miezi sita haijaisha na kabla shule hazijafunguliwa Januari. Ombi lao la kwanza huwa ni rangi. Sehemu ya chini ya ukuta imechafuka, lipu imebabuka, na wanaomba fundi wa kukwangua, kupiga skimingi (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) na kupaka rangi mpya ili wahamie. Makala haya yanaeleza kwa nini mara nyingi hatukubali kuanza na kazi hiyo, ingawa ndiyo rahisi zaidi kwetu na ndiyo inayolipwa upesi.

Ukiusogelea ukuta wa namna hiyo na kuutazama vizuri, utaona mambo matatu. Kuna mstari wa maji usionyooka, kwa kawaida chini ya usawa wa kiuno, ambapo rangi ya juu imebaki nzima na ya chini imevimba. Chini ya mstari huo kuna unga mweupe, mahali pengine laini na mahali pengine wenye nyuzi fupi zinazong'aa mwangani. Ukigonga lipu kwa kifundo cha kidole, inatoa mlio wa utupu, kwa sababu imeshaachana na tofali. Wateja wengi huuita unga huo fangasi na kutuomba dawa ya kuua fangasi, lakini fangasi huwa na weusi au ukijani na hunuka uvundo. Unga huu ni chumvi: ukikwangua kidogo na kuutia katika glasi ya maji safi, sehemu yake kubwa huyeyuka.

Chumvi hiyo huletwa na maji. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani kupitia vitundu vidogo vya tofali na lipu kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kibatari, na ukifika usoni mwa ukuta maji hukauka kwa upepo, lakini chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake haikauki pamoja nayo. Hubaki nyuma na kuwa chembe ngumu, chembe hizo hukua ndani ya vitundu, na nguvu ya kukua kwake ndiyo inayoipasua lipu kutoka ndani kwenda nje. Chumvi ya kawaida ina tabia nyingine ambayo watu hawaitarajii, nayo ni kwamba hewa inapokuwa na unyevunyevu wa zaidi ya asilimia 75 hivi, huanza kunyonya maji kutoka hewani. Ndiyo maana ukuta uliojaa chumvi hutoa jasho jioni hata kama mvua haijanyesha kwa wiki nyingi, na mwenye nyumba huanza kulitafuta bomba lililopasuka ambalo halipo.

Kwa mji wa pwani kama wetu, chumvi hiyo ina njia kadhaa za kuingia. Zipo nyumba zilizofyatuliwa tofali kwa mchanga wa ufukweni ili kupunguza gharama. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na mchanga uliolowa maji hayo huingia ndani ya tofali pamoja na chumvi yake. Zipo nyumba ambazo zege lake lilikorogwa kwa maji ya kisima chenye magadi. Upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili hadi karibu na Oktoba, huleta manyunyu ya bahari na kuyabandika kwenye kuta zinazotazama maji. Hata hivyo, sababu tunayoikuta mara nyingi kuliko zote ni ya kijenzi: msingi uliinuliwa bila kuwekwa nailoni nzito au tabaka lolote la kuzuia maji kati yake na ukuta, kwa hiyo hakuna kinachozuia unyevu kupanda.

Kwa nini skimingi haisaidii

Skimingi inayopigwa na mafundi wengi ina jipsamu ndani yake, na jipsamu hulainika inapolowa. Ukiipiga juu ya ukuta wenye unyevu, unaupa ukuta huo kitu dhaifu zaidi cha kubomoa. Rangi ya mafuta nayo huziba uso wa ukuta, lakini haizuii maji yasipande. Maji yaliyokosa pa kutokea husukuma rangi hadi ivimbe mapovu. Wapo wanaobandika tailizi hadi usawa wa kifua sebuleni na kwenye korido ili kuficha uchafu, na kwa miezi michache nyumba hupendeza kweli. Baadaye maji yanayokosa pa kutokea nyuma ya tailizi huendelea kupanda, na mstari wa chumvi hujitokeza juu ya tailizi, mahali ambapo mwanzoni hapakuwa na tatizo. Kuondoa tailizi hizo ni gharama ya pili juu ya ile ya kwanza.

Majira pia huchangia. Huku kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na fedha za korosho humfikia mteja wakati wingu limeshajikusanya. Ukuta uliobanduliwa lipu Desemba hauna nafasi ya kukauka, na fundi anayeahidi kuumaliza kabla ya mwaka mpya anaahidi kupaka rangi juu ya maji. Ushauri wetu kwa anayelipwa Novemba ni kwamba atumie fedha hizo kununua bati, nondo na saruji, ambayo tangu 2015 inazalishwa hapa hapa Msijute, na kufanya kazi za paa na mifereji kwanza, kisha kazi ya kuta isubiri Juni. Tahadhari moja tu: saruji haipendi kukaa ghalani miezi mingi pwani, kwa hiyo inunuliwe ile ya kazi iliyo mbele peke yake.

Jinsi tunavyokagua

Tunaanza nje ya nyumba. Katika nyumba moja ya Shangani, ambayo wenyewe walikuwa wameshapaka rangi kabla ya kutuita na rangi hiyo ikaharibika, ukuta mmoja tu wa chumba cha watoto ulikuwa unatoa chumvi, na kuta nyingine tatu zilikuwa kavu. Unyevu wa ardhini haupandi ukuta mmoja na kuacha mingine bila sababu. Tulipozunguka nje tulikuta bustani ndogo ya maua iliyoegemea ukuta huo, ambayo wakazi waliotangulia walikuwa wakiiongezea udongo mwaka hadi mwaka mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani, na juu yake palikuwa na pembe ya paa isiyo na mfereji, ambapo maji yote ya upande ule wa bati yalimwagikia. Kazi ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa kuchimba udongo ule hadi ushuke chini ya sakafu kwa kiasi cha tofali moja, kufunga mfereji wa bati na kumwaga zege jembamba lenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Ndani ya nyumba hatukugusa kitu kwa wakati huo, jambo ambalo halikuwafurahisha wenyewe.

Pale ambapo chanzo hakionekani, tunabandika kipande cha nailoni ukutani na kukiziba kingo zake zote kwa gundi ya karatasi, tukakiacha siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakitokea juu ya nailoni, ni unyevu wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni madirisha. Tunakagua pia chemba na karo, kwa sababu bomba la maji machafu linalovuja kando ya msingi hutoa dalili zinazofanana kabisa na hizi.

Chanzo kikishazibwa, lipu yote iliyoharibika huondolewa, na tunapanda juu ya mstari wa maji kwa nusu mita hivi, kwa kuwa chumvi husafiri mbele kuliko macho yanavyoona. Viungo vya tofali hukwanguliwa kwa tindo, kisha ukuta hupigwa brashi ngumu bila maji. Tunawaomba wateja wasiuoshe ukuta huo kwa maji, ingawa mkono hutamani kufanya hivyo, kwa sababu maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Unga unaodondoka hukusanywa na kutolewa nje kabisa. Ukiachwa chini ya ukuta hurudi na maji ya deki. Baada ya hapo ukuta huachwa wazi ukauke. Mafundi wana kanuni ya mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, na ingawa ukuta unaopigwa na upepo pande zote mbili hukauka mapema zaidi, hakuna njia ya kuugeuza muda huo kuwa wiki moja. Lipu mpya tunaichanganya kwa sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga ulioondolewa chumvi, na kuimwagilia maji safi kwa siku saba.

Nyumba za kale za Mikindani zina utaratibu wake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, nazo zilijengwa zipumue: hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji unazifunga pumzi, na maji yaliyonaswa ndani huanza kuila chokaa inayoshikilia mawe. Katika kuta hizo tunatumia chokaa peke yake, ndani na nje, na rangi ya chokaa juu yake. Mteja anayesisitiza saruji tunamwomba atafute fundi mwingine.

Jambo linalotutia wasiwasi kuliko lipu ni linta (boriti ya zege juu ya mlango au dirisha) na nguzo. Chumvi ikifika kwenye nondo huifanya ishike kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichotokana nacho, kwa hiyo zege hupasuka kwa urefu kufuata nondo na vipande vyake huanguka. Ufa ulionyooka chini ya linta ya dirisha, wenye madoa ya rangi ya kahawia, usizibwe kwa saruji na kupakwa rangi. Zege lililolegea hutolewa, nondo husafishwa au kubadilishwa, na zege jipya hufunika chuma kwa milimita 40 au zaidi. Kazi inayogusa nguzo, linta au ukuta unaobeba paa huhitaji kibali cha halmashauri, na maandalizi ya kibali hicho tunayaingiza katika ratiba tangu mwanzo.

Kuhamia kazi ikiendelea

Tunafahamu kwamba kulipa kodi ya nyumba ya kupanga huku unajenga ni mzigo, na hatumlazimishi mtu asubiri kila kitu kiishe. Nyumba ya vyumba vitatu inaweza kugawanywa: paa, umeme, choo na jiko vikamilike, vyumba viwili vyenye kuta kavu vipakwe rangi na familia iingie, huku sebule na ukuta wenye chumvi vikibaki bila lipu hadi vikauke. Ukuta wa tofali tupu sebuleni haupendezi wageni, lakini haumdhuru mtu.

Kinachodhuru ni vumbi. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile madini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nyumba ikiwa ya zamani na haijulikani ilipakwa nini, hatupigi msasa mkavu. Tunalowesha rangi yenyewe kabla ya kuikwangua, tunatandika nailoni sakafuni, na tunaomba watoto na mama mjamzito wasiwepo siku hiyo wala wasilale humo hadi sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Huku si kuosha ukuta wenye chumvi. Kazi hizo mbili hufanyika kwa nyakati tofauti, na pale zinapokutana ukuta mmoja, tunabandua rangi pamoja na lipu yake kwa vipande vikubwa bila kusaga.

Umeme ufanyiwe kazi wakati lipu imeshatolewa, si baada ya kurudishwa. Visanduku vya soketi vilivyokaa katika ukuta wa chumvi huwa vimeliwa na kutu, na waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, mara nyingi umekatika bila mtu kujua, kwa kuwa taa zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kazi hiyo tunampa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Bei ya kuta hatuitaji kwa simu, kwa sababu kiasi cha lipu ya kuondoa hakijulikani mpaka igongwe. Anayetaka tumkagulie nyumba tunamwomba asiipige skimingi wala kuipaka rangi kabla hatujafika, asisogeze makabati kuficha madoa, na atufungulie chemba zote za maji machafu. Baada ya ukaguzi tunamwandikia mpangilio wa kazi kwa utaratibu wa malipo, kuanzia paa hadi rangi, ili aweze kufanya sehemu anayoimudu mwaka huu na kuacha nyingine kwa msimu ujao.