Kwa mdogo wangu, kuhusu lile rundo la insha

Mdogo wangu,

Umelalamika kwamba wanafunzi wako wa lugha wakirudishiwa insha hutazama alama tu, kisha wanakunja karatasi. Pole, lakini hata mimi niliyapitia hayo miaka mingi. Nilimwaga wino mwekundu nikidhani nafundisha, mpaka siku mwanafunzi aliyepata 9 kati ya 20 aliponifuata. Hakuuliza kosa lake. Aliomba nimwongezee 1.

Hebu piga hesabu. Mwanafunzi mmoja amepata 20, 40, 60, halafu 80 kwa mia. Mwenzake amepata 50 mara zote nne. Wastani wao ni ule ule, 50, ilhali wa kwanza sasa anaongea bila kugugumia. Tunamdai deni la siku alizokuwa hajui, na kujifunza lugha ni kukosea kwanza!

Basi nikabadilisha. Mtoto akiandika "Jana nitaenda sokoni", sikumwandikia jibu. Nilipigia mstari kitenzi, nikaandika pembeni: "Jana imeshapita. Kitenzi chako kiko wapi?" Alirudi na "nilienda", na makosa mawili mengine ya aina hiyo ameyagundua mwenyewe. Alama niliificha kwenye daftari langu. Usijaribu kuweka vyote viwili, alama na maoni, maana jicho litakimbilia namba. Mtafiti wa elimu Ruth Butler aliliona hilo katika utafiti wake wa 1988: waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri na kubaki na hamu, lakini maoni yalipoambatana na alama, faida hiyo ilipotea.

Kwa kuongea, tumia kauli za "naweza", kama zile za mfumo wa viwango vya lugha uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuanzia A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea). "Naweza kujitambulisha." "Naweza kusimulia safari." Mwanafunzi aweke alama ya vema pale tu anapoweza kukuonyesha.

Najua wakubwa watataka namba mwisho wa muhula. Wape, ila itokane na kazi za karibuni, na mwite mwanafunzi mzichague pamoja kwenye jalada anamotunza kazi zake. Muulize anastahili ngapi. (Wengi hujipunja, na wale wawili watatu wanaojipendelea utawajua tu.)

Itakula muda, sikufichi. Anza na insha kumi za juu ya hilo rundo, maoni mawili kila moja, bila namba. Ijumaa nipigie uniambie nani amerudi kuuliza.

Kaka yako