Kipaza sauti cha mpira na siasa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie watangazaji wa michezo wanaotoa maoni ya kisiasa. Machi 2023, BBC ya Uingereza ilimweka kando Gary Lineker, mtangazaji wa kipindi cha soka cha Match of the Day, baada ya kuandika Twitter kwamba lugha ya serikali yao kuhusu waomba hifadhi haikuwa mbali na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930, enzi za Hitler. Wenzake, wakiwamo Ian Wright na Alan Shearer, waligoma, na Jumamosi hiyo kipindi kikarushwa kwa dakika 20 hivi, bila mtangazaji wala mchambuzi. Siku chache baadaye alirejeshwa.

Binafsi naona BBC ilikosea, kwani Lineker aliandika katika ukurasa wake, wala hakuwa mtangazaji wa habari. Ya kwetu ni tofauti. Wakati wa kampeni, tukiwa kijiweni karibu na soko hapa Mtwara, mtangazaji wa redio moja aliacha kona ikiwa haijapigwa akaanza kumnadi mgombea udiwani. Aliporudi uwanjani bao lilikuwa limeshaingia, na muuza kahawa akabaki na birika mkononi akiuliza nani kafunga.

Ombi langu ni kwamba vituo viandike katika mikataba yao, kwa lugha inayoeleweka, kipi mtangazaji amekatazwa akiwa hewani na kipi ni haki yake kama raia akishatoka studio, badala ya kusubiri simu ya mkubwa aliyekasirika.

Msomaji wako,
Mtwara