Usishushe pampu kwanza

Ndugu yangu,

Habari za Busia, mama watoto na vijana wako salama? Sisi huku Bweyale tupo, jua ni kali na watu wanakimbizana kulima kabla mvua ya mwezi wa tatu haijafika, mwenye trakta halali.

Nimesikiliza ile voisi yako mara mbili. Unasema trakta haina nguvu, jembe likizama inalia tu inataka kuzima, na fundi wako anataka kushusha pampu ya dizeli aipeleke Kampala. Bana ngoja kwanza. Hizi trakta zetu za Massey Ferguson 135 ni za zamani, zilianza kutengenezwa 1964, lakini ile pampu ya CAV iliyo kwa injini ya Perkins ya silinda tatu ni ngumu. Mara nyingi shida iko kwa vyuma vya akseleta, ila pampu ndiyo inalaumiwa kwa sababu pampu ndiyo ina pesa.

Zima injini, mwambie kijana avute mkono wa akseleta mpaka mwisho, wewe inama uangalie kama ule mkono mdogo wa pampu unagusa skrubu yake ya mwisho. Wa kwangu ulikuwa unabakisha upana wa kidole kizima! Akseleta haimwagi dizeli moja kwa moja, inavuta springi ya gavana, kile kifaa cha ndani ya pampu kinachoshikilia mwendo wa injini, halafu gavana ndiyo inapima mafuta kulingana na mzigo, sasa ukiivuta nusu yenyewe inashikilia mwendo wa nusu, huwezi pata nguvu yote na hata mashine ya kupukuchua mahindi kule nyuma haifiki ile mizunguko 540 kwa dakika.

Mtu aliyeniuzia alikuwa ametoa fimbo ya chuma inayounganisha akseleta na pampu akaweka kebo ya klachi ya bodaboda, akaipitisha karibu na eksosi, plastiki ikayeyuka, waya ukaanza kukwama ndani. Kebo mimi sitaki. Siku ikikwama wazi na uko kwa mteremko na trela utajua. Nikarudisha fimbo, chuma cha mviringo cha milimita 8, lakini chujio la dizeli ambalo lilikuwa limehamishwa lilikuwa linaziba njia, ikabidi tuizungushe kwa chini. Hapo angalia, ukikunja chuma kona nyingi kinakuwa kama springi, unavuta huku kule hakisogei, kwa hiyo sisi tuliweka kiwiko cha chuma katikati kwenye bushi, kinachozunguka na kupokezana mvuto, fimbo mbili fupi zilizonyooka badala ya moja ndefu iliyopinda. Na kabla hujachoma chochote funga kwa waya tu ujaribu, mkono ukiwa katikati ya safari yake fimbo ikutane na kiwiko kwa pembe mraba, la sivyo mwanzo inaruka na mwisho haisogei.

Matundu ya viungo yaliyokuwa yamelika yakawa kama yai tuliyajaza kwa kuchoma tukatoboa upya. Usiyaache, kila tundu linaiba kidogo na ukijumlisha ndiyo kile kidole nilikuambia.

Kitu kingine, nyuzi za trakta hii ni za inchi. Nati ya milimita 8 inafanana kabisa na ya 5/16, inaingia mizunguko miwili halafu inagoma, na vijana wa gereji wanailazimisha kwa spana mpaka inakula nyuzi. Bweyale sikupata za inchi, nilizitoa Kiseka, lile soko la spea la Kampala, na uweke spliti pini kila mahali maana mtetemo wa ile injini unafungua kila kitu.

Ukimaliza, panga mkono wa pampu uguse skrubu kabla mkono wa juu haujafika mwisho, na akseleta ya mguu iwe na kizuizi chake chini, mguu wa dereva usiwe unakanyagia pampu. Ile skrubu ya pampu iliyofungwa kwa waya na muhuri wa madini ya risasi usiifungue hata fundi akikuapia. Kebo ya kuzima iache ipite njia yake peke yake, nimeona mtu ameifunga pamoja na akseleta, huyo sijui alikuwa anafikiria nini.

Kama baada ya hayo bado inalia ndipo tuongee mambo ya nozeli zinazonyunyiza dizeli kwa injini na pampu. Nipigie picha ya upande wa pampu unitumie kwa WhatsApp leo jioni, kabla huyo fundi hajarudi na spana zake.

Wako wa Bweyale