Zuberi, kabla hujampa binamu jina lako

Zuberi ndugu yangu,

Mambo vipi, shemeji na watoto hawajambo? Voice note yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza yote, tena mara mbili, ya pili nikiwa kwenye daladala bila earphone mpaka abiria wa pembeni naye ana maoni yake kuhusu binamu yako. Nimeona nikuandikie tu maana nikipiga utanikatiza.

Sasa. Binamu wa Geita anataka kufungua banda la chipsi kuku atumie jina lako, rangi zako na pilipili ya mama, na wewe unaniuliza umtoze shilingi ngapi. Mi naona umeanzia mwishoni. Unakumbuka mimi na Morogoro? Nilimpa shemeji yangu jina nikachukua laki nane cash siku ya kwanza, nikarudi Dar nimetulia kabisa, hela nimeshakula, sasa kilichonifanya nijali mafuta anabadilisha lini ni nini? Miezi mitano tu watu wakaanza kunipigia wananiuliza siku hizi mnakaangia oili ya gari au, na jina lililochafuka ni langu, shemeji mwenyewe alishahamia kwenye bodaboda.

Tangu hapo nikawa nasoma sana hawa watu walioanzisha vitu vikadumu. Chukua yule mzee wa ndevu nyeupe kwenye ndoo ya kuku wa KFC, Harland Sanders. Alikuwa na mgahawa pale Corbin, Kentucky, ulianza kama sheli tu, madereva wanajaza mafuta wanakula. Halafu ikapangwa barabara kuu mpya ipite mbali na hapo, fikiria mabasi yaache kupita Chalinze, ndo ile. Mwaka 1956 akauza mgahawa, umri umeshapita 65, pensheni yake dola 105 kwa mwezi. Akaingia kwenye gari na jiko lake la presha na viungo, anazunguka mgahawa kwa mgahawa, anawapikia wenyewe waonje, wakipenda wanapeana mikono, analipwa senti chache kwa kila kuku anayeuzwa. Yaani asipouza mwenzake na yeye halali na kitu.

Watu wanashupalia viungo 11 vya siri. Mi nakwambia siri ilikuwa lile jiko, bana. Kuku wa kukaanga kwenye kikaango alichukua kama nusu saa, mteja ameshaondoka, jiko la presha likakata muda sana bila kuharibu nyama. Yaani alikuwa anawapa watu namna ya kufanya kazi, na jina likaja nayo. Viungo mke wake Claudia alikuwa anachanganya nyumbani wanatuma vimeshachanganywa. Hapo ndo nilipomkumbuka mama yako! Pilipili ichanganywe Mwanza, aende nayo Geita kwenye ndoo, usimpe hesabu ya vitu vilivyomo. Na ndoo ndo mita yako, akikwambia biashara mbaya wakati kamaliza ndoo tatu utajua ukweli uko wapi.

1964 mzee akauza kampuni kwa dola milioni 2 na wakati huo migahawa imeshapita 600. Mmoja wa walionunua, John Y. Brown, baadaye akanunua na timu ya basketi ya Kentucky, sijui hawa watu wa kuku na mpira wana nini. Sanders akabaki sura ya kampuni, na mpaka uzeeni alikuwa anagombana nao hadharani kuhusu mchuzi, anasema wameuharibu. Hela alishalipwa, lakini mchuzi ulimuuma. Mi huyo nampenda kwa hilo kuliko lile jiko.

Ila aliyenifungua macho kabisa ni wa mpira, ule mpira wao Marekani wa kubeba mkononi, usicheke. George Halas. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha wanga wa mahindi huko Decatur, Illinois, kiwanda kikampa kazi ya kuendesha timu. Septemba 1920 wenye timu wakakutana Canton, Ohio, kwenye duka la kuuza magari la Ralph Hay, viti havikutosha wengine wakakaa kwenye vikanyagio vya magari, hapohapo wakaanzisha ligi ambayo leo ndo NFL. Wakakubaliana ada ya kujiunga dola 100 kwa kila timu, na Halas mwenyewe alikuja kusema hakuna aliyelipa, hahaha, ligi tajiri kama ile imeanza kwa ahadi kama mchango wa harusi.

Mwaka uliofuata mwenye kiwanda akamwachia timu, akaihamishia Chicago, 1922 ikaitwa Bears. Katika timu zote za ule mwaka wa kwanza zimebaki mbili tu, Bears na Cardinals, na Cardinals wameshahama miji. Halas alicheza, akafundisha misimu 40, akawa mmiliki mpaka anafariki 1983, timu ikaenda kwa binti yake Virginia aliyeishi mpaka 2025, miaka 102.

Na alikuwa mbahili huyo! Mike Ditka aliyemchezea alisema mzee anavyorusha sarafu utadhani ni mifuniko ya chemba kwa uzito. Wakakosana Ditka akaondoka, lakini 1982 mzee huyohuyo akamrudisha kuwa kocha, na Januari 1986 Bears wakabeba Super Bowl, ile fainali ya ligi yao, mzee hayupo tena.

Sasa sikiliza hapa. Wapinzani wake wakubwa walikuwa Green Bay, mji mdogo tu, timu ya wananchi wenyewe wenye hisa, kama wanachama wa Yanga na kadi zao. Ukata wa miaka ya 1930 ulipomkaba Halas, Green Bay hao hao wakamkopesha dola 1,500. Miaka inapita, 1956 Green Bay wanapiga kura kama mji ujenge uwanja mpya, Halas akafunga safari mpaka kule kuwaomba watu wa mji wa mpinzani wake wakubali. Umewahi kuona mtu wa Simba anaenda Jangwani kuomba kura ya uwanja wa Yanga? Halafu ikaja hela ya tivii mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chicago na New York wangeweza kujichukulia fungu lao nono, wakakubali igawanywe sawasawa, Green Bay wapate sawa na wao. Halas hakuwa mtakatifu, aliona tu kwamba ukibaki peke yako huna wa kucheza naye. Na nisiwape sifa kupita kiasi, ligi hiyohiyo kuanzia 1934 mpaka 1945 haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja na yeye alikuwa mmoja wa wakubwa wake.

Wa McDonald's, Ray Kroc, nimguse kidogo tu. Wakati wengine wanakula kwa kuwauzia wenye matawi vifaa na mali ghafi kwa bei ya juu, yeye alichukua asilimia 1.9 ya mauzo, ndani yake asilimia 0.5 ni ya wale ndugu wawili waliobuni, vifaa kila mtu anunue mwenyewe kwa muuzaji aliyepitishwa. Baadaye hela nyingi ilitoka kwenye viwanja na majengo, hiyo stori nyingine. 1974 akanunua timu ya besiboli San Diego, mechi ya kwanza ya nyumbani akanyakua kipaza sauti akawaambia mashabiki hajawahi kuona uchezaji wa kijinga kama ule. Timu yake mwenyewe! Nilivyosoma nikakuona wewe kwenye fainali ya ndondo mwaka juzi.

Kwa hiyo binamu usimuuzie viazi na kuku kwa faida, mwonyeshe gunia unapopata wewe basi. Kiingilio kiwe kidogo, halafu kila kuku kitu kidogo mwisho wa wiki kwenye lipa namba. Andikeni mafuta yanabadilishwa baada ya siku ngapi, chipsi kipimo gani, na ukikuta ameenda kinyume mara ya tatu bango linashuka, undugu pembeni. Na kabla ya yote aje akae kwenye jiko lako mwezi mzima, akichoka wiki ya pili umeshapata jibu bila ugomvi wa familia.

Nitumie hiyo karatasi ya makubaliano niipitie, nitaisoma Jumapili.

Jezi za vijana wako nimezipata Kariakoo, kumi na nane na soksi zake. Nyekundu zilikuwa zimeisha nikachukua za njano na kijani, najua utanuna, ila bei ilikuwa nzuri na mzigo umeshapanda basi la leo asubuhi.

Wako,
Side